Wapiganaji na Wabeba Mizigo: Afya ya Vikosi vya Mbele na vya Nyuma Katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Tarehe 29 Machi 1979, ndege ya kivita aina ya Tu-22, iliyotumwa na Libya kumsaidia Idi Amin, iliruka juu ya mji wa Mwanza. Shabaha yake haikuwa kambi ya askari wala safu ya mizinga. Ilikusudia kulipua ghala la mafuta. Ililikosa ghala hilo, na silaha zake zikaangukia kisiwa kidogo cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyamapori, zikaua swala. Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Hata hivyo, aliyeichagua shabaha ile alijua alichokuwa akikitafuta. Wakati huo askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walikuwa wamekwisha kuingia ndani kabisa ya Uganda, na siku 13 tu baadaye Kampala ikaanguka. Ghala la mafuta halina bunduki, lakini mafuta yakikatika, magari, vifaru na magari ya kubebea majeruhi husimama pamoja.

Kisa hicho kinagusa jambo ambalo raia wengi, na hata watumishi wengi wa afya, hawalitambui vizuri wanapokutana na mtu aliyepitia jeshini. Jeshi si kundi moja la watu wenye kazi moja. Lina vikosi vilivyoundwa kwenda vitani, na vina wenzao vilivyoundwa ili vya kwanza viweze kwenda. Tofauti hiyo huamua nani anapewa dawa gani, nani anakula nini, nani anahesabiwa anapokufa, na nani anaulizwa maswali gani anapofika hospitalini miaka 40 baadaye. Historia ya mwambao huu inaonyesha kwamba pale afya ilipogawanywa kwa kufuata bunduki, waliolipa kwa maisha yao walikuwa wale wasio na bunduki.

Tofauti yenyewe ni ipi?

Wengi hudhani kwamba mgawanyo uko kati ya mwenye silaha na asiye na silaha. Ukweli uko mahali pengine. Swali la kwanza ambalo wapangaji wa jeshi hujiuliza ni hili: je, kikosi hiki kinaweza kung'oa mahema yake, kikapakia watu na vifaa vyake, kikaenda kufanya kazi ileile mahali pengine?

Vikosi vinavyoweza kufanya hivyo vinaweza kuitwa vikosi vya medani. Humo wamo askari wa miguu, wa vifaru na wa mizinga, ambao kazi yao ni kupigana. Lakini wamo pia wahandisi wanaojenga madaraja, watu wa mawasiliano, madereva wa malori ya risasi na chakula, wapishi, na waganga wa medani. Hawa hawaendi kutafuta mapigano, ila huandamana na wanaopigana, hulala walikolala na hunywa maji waliyokunywa. Kikosi cha aina hii hupangwa kwa kielelezo kimoja: batalioni mbili za askari wa miguu hutakiwa kuwa na idadi ileile ya watu, vyeo vilevile na vifaa vilevile, ili moja iweze kuchukua nafasi ya nyingine.

Aina ya pili ni vikosi visivyohama: vyuo vya mafunzo, maghala makuu, karakana, ofisi za utawala, na hospitali kubwa kama Hospitali Kuu ya Jeshi iliyoko Lugalo, Dar es Salaam. Hivi hupangwa kila kimoja kivyake, kwa kadiri ya kazi yake, kwa kuwa hakuna hospitali mbili zinazofanana kabisa. Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ambako mgawanyo huu umeandikwa kwa ukamilifu, kila moja ya aina hizo mbili ina waraka wake wa kuorodhesha watu na vifaa, na katika vikosi vya aina ya pili raia wengi hufanya kazi bega kwa bega na askari.

Basi kuna makundi matatu, wala si mawili: wanaopigana, wanaowahudumia papo hapo medani, na wanaobaki nyuma kuendesha taasisi. Kosa la kawaida ni kuyachanganya makundi mawili ya mwisho na kudhani kwamba kila asiyepigana alikuwa salama. Dereva wa lori la mafuta na mkuu wa ghala wote wawili ni watu wa huduma, lakini hatari zinazowakabili hazilingani hata kidogo.

Hesabu ya mpagazi

Mahali pazuri pa kuitazama tofauti hii ni hapahapa ziwani, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwezi Juni 1915, Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaushambulia mji wa Bukoba tarehe 22 na 23. Lengo kubwa la safari hiyo lilikuwa kuharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Hapa pia, kama ilivyokuwa Mwanza miaka 64 baadaye, shabaha ilikuwa chombo cha huduma.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Julai 1916, kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Brigedia Jenerali Charles Crewe kiliutwaa mji wa Mwanza. Hatua iliyofuata ilikuwa kuelekea kusini hadi Tabora, kwenye reli ya kati. Lakini tangu Mwanza mwendo ulikuwa wa kusuasua. Miongoni mwa sababu zake kubwa ni uhaba wa wapagazi na wa chakula. Waliotangulia kuingia Tabora, tarehe 19 Septemba 1916, ni majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka upande wa Kongo.

Kwa nini mpagazi alikuwa na uzito kiasi hicho? Katika sehemu kubwa ya nchi hapakuwa na barabara za magari, na ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa nagana inayoenezwa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, naye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na siku 12 kurudi, atakuwa amekula kilo 24. Askari aliyeko mwisho wa safari atapokea kilo moja. Ili askari huyo ale, watahitajika wapagazi wengi zaidi, nao pia watahitaji kula, kulala na kutibiwa. Ndiyo maana katika vita vile idadi ya wabeba mizigo iliipita kwa mbali idadi ya wenye bunduki.

Waingereza waliunda kikosi maalumu cha wapagazi kilichosimamiwa na Oscar Watkins. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, likitamkwa kwa ulimi wa Kiswahili, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Uganda ilitoa maelfu ya wapagazi kwa ajili ya majeshi ya Ubelgiji. Wajerumani nao waliwachukua watu vijijini, mara nyingi kwa nguvu, bila hata kuandika majina yao.

Maradhi yaliyoua kuliko risasi

Kumbukumbu za Waingereza zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliofia kazini. Wanahistoria waliochunguza suala hili wanaamini kuwa idadi halisi huenda ilifikia mara mbili ya hiyo, kwa sababu wengi walitoroka wakiwa wagonjwa, walifia njiani, au hawakuandikwa kabisa. Waliouawa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo mno. Kuhara damu, malaria, nimonia na homa ya uti wa mgongo ndizo zilizowamaliza.

Mwaka 1917 Waingereza walimtuma daktari mwenye cheo cha jenerali, William Pike, pamoja na Andrew Balfour, bingwa wa magonjwa ya nchi za joto, kuchunguza hali ya tiba katika vita hivyo. Ripoti yao ilikuwa kali. Mambo yaliyojitokeza katika kumbukumbu za wakati ule yanaeleweka kwa muuguzi yeyote wa leo.

La kwanza ni chakula. Watu waliozoea ndizi, viazi au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Walifika kambini usiku, wamechoka, kuni zimelowa, wakala ugali au uji usioiva. Utumbo ulioanza kuumizwa na unga mbichi ulikuwa mlango wazi kwa vimelea vya kuhara. La pili ni baridi. Mtu wa ukanda wa ziwa alipopandishwa milimani bila blanketi, nimonia ilimpata upesi. La tatu ni malaria. Mtu wa nyanda za juu zenye baridi, aliyeteremshwa bondeni, hakuwa na kinga ambayo mwenyeji wa bondeni huijenga tangu utotoni. La nne ni msongamano wa kambi, uliorahisisha kuenea kwa homa ya uti wa mgongo na maradhi ya njia ya hewa.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililongoja kuvumbuliwa kwa dawa mpya. Yalihitaji chungu kikubwa, mpishi anayeijua kazi yake, muda wa kuivisha chakula, blanketi, maji yaliyochemshwa na choo kilichochimbwa mbali na kisima. Mambo hayo hupatikana pale tu ambapo aliyepanga jeshi amemhesabu mpagazi kuwa sehemu ya jeshi. Katika kumbukumbu za mwanzo wa vita, mpagazi alihesabiwa zaidi kama chombo cha usafiri.

Upande wa Wajerumani unatoa mfano wa kinyume chake. Walipozingirwa baharini wakakosa dawa kutoka Ulaya, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, walitengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa huko. Dawa hiyo chungu ilisaidia kuwaweka askari wa Lettow-Vorbeck barabarani kwa miaka mingi. Kituo cha Amani hakikuwa na uwezo wa kuhama wala hakikufyatua risasi. Lakini maabara moja ya nyuma, ikiwa na watu wanaojua kazi, ilileta nguvu ambayo bunduki peke yake zisingeleta. Ilipotekwa mwaka 1916, chanzo hicho kikakauka.

Kagera: nani aliyekufa, na alikufaje?

Miaka 62 baada ya mpagazi wa Crewe kuondoka Mwanza, vita vilirudi ziwani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na mapema Novemba yakalibomoa daraja la Kyaka. Ili kuwarudisha nyuma, JWTZ ilihitaji kwanza wahandisi wa kuweka daraja la muda juu ya mto. Ndani ya majuma machache jeshi lilipanuka zaidi ya mara mbili kwa kuwaita wanamgambo, askari wa akiba na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwa ajili ya vita. Wananchi walichanga ng'ombe, chakula na fedha.

Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, walioandika historia ya vita hivyo, walitoa hesabu ya askari 373 wa Tanzania waliokufa. Kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Waliobaki, 277, karibu watatu kati ya kila wanne, walikufa kwa njia nyingine.

Takwimu hizo zinastahili kuangaliwa kwa jicho la kitabibu. Katika jeshi lolote linaloenda mbali na nyumbani, askari hufa kwa ajali za barabarani, kwa kuzama majini, kwa silaha kufyatuka bila kukusudiwa na kwa maradhi. Hatari hizo hazichagui kati ya mpiga mizinga na mpishi. Tena, nyingine humwelemea zaidi mtu wa huduma. Dereva anayeendesha lori usiku bila kulala, katika barabara ya matope, amebeba hatari kubwa kwa siku nyingi zaidi kuliko askari ambaye kikosi chake kinaingia vitani mara chache. Jeshi linalopima hatari kwa kutazama mapigano peke yake litapeleka damu, bandeji na wapasuaji mahali pamoja, na kuwaacha wengi wanaokufa mahali pengine.

Mganga wa medani na mganga wa hospitali

Watumishi wa afya wenyewe wamo katika pande zote mbili za mgawanyo huu. Umoja wa Mataifa, ambao askari wa Tanzania wameutumikia katika mashariki ya Kongo tangu mwaka 2013, umezipanga hospitali za walinzi wa amani kwa ngazi. Kituo cha ngazi ya kwanza huandamana na kikosi. Hutarajiwa kuhudumia wagonjwa wa nje 20 kwa siku na kuweza kuwalaza watano kwa muda usiozidi siku mbili. Ngazi ya pili huwa na chumba cha upasuaji chenye uwezo wa upasuaji wa mara tatu au nne kwa siku, na vitanda vya kulaza wagonjwa 10 hadi 20 hadi siku saba. Juu yake ipo ngazi ya tatu, na nyuma ya zote zipo hospitali kubwa zisizohama. Majeruhi husafiri kwenye ngazi hizi kama ndoo inayopitishwa mkono kwa mkono. Mkono mmoja ukikosekana, maji humwagika.

Sheria ya vita nayo inawatofautisha watu hawa. Kwa Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, waganga, wauguzi na vikosi vya tiba hawaruhusiwi kushambuliwa maadamu hawatumiki kumdhuru adui, nao wanapaswa kumtibu majeruhi wa upande wowote. Dereva wa lori la risasi hana kinga hiyo, ingawa huenda hajawahi kumlenga mtu bunduki. Mtumishi wa afya anayevaa alama ya msalaba mwekundu au mwezi mwekundu anapaswa kujua kwamba kinga yake inategemea jambo moja: gari la wagonjwa lisibebe risasi, hata sanduku moja.

Zaidi ya hayo, kuna tatizo ambalo majeshi makubwa yamepambana nalo kwa muda mrefu. Daktari mpasuaji hawezi kukaa medani miaka yote akingoja vita, kwani mikono yake itasahau kazi. Kwa hiyo katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, madaktari wengi walipangiwa nafasi mbili: wakati wa amani wanatibu katika hospitali isiyohama, na kikosi cha medani kikiitwa, wanaondoka nacho. Mpango huo una faida, ila una gharama. Siku daktari anapoondoka, foleni ya wagonjwa wake haiondoki naye.

Mikoa ya ziwa inalijua jambo hilo bila hata vita. Tarehe 21 Machi 2023 ulitangazwa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Uliwapata watu tisa, sita wakafa. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya, na mmoja wao alifariki. Ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huohuo ulizuka Biharamulo, na wagonjwa wote 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mazingira, walipoteza maisha. Katika dharura ya namna hii, timu zinazotumwa kijijini kufuatilia waliokutana na wagonjwa ndizo vikosi vya medani. Maabara, bohari ya dawa, waosha nguo, waendesha magari na zahanati zinazoendelea kupokea wajawazito ndizo nyuma yake. Mganga mkuu wa wilaya anayetuma wauguzi watano katika timu ya dharura anapaswa, siku hiyohiyo, kujibu swali la pili: wodi ya wazazi wanaiacha na nani? Na anapogawa barakoa, glavu na magauni, fungu la mfagiaji na la mchimba kaburi lisiwe makombo ya fungu la daktari. Kirusi hakisomi cheo.

Maswali yanayopaswa kuulizwa kliniki

Katika kliniki za Mwanza, Geita, Mara na Kagera bado wapo wazee waliokuwa vijana mwaka 1979. Wapo pia vijana waliorejea kutoka ulinzi wa amani. Wengi wao, wakiulizwa kama walipigana vita, hujibu kwamba hawakupigana. Mmoja alikuwa dereva, mwingine alipika, mwingine alichimba makaburi, mwingine alibeba majeruhi. Jibu hilo ni la kweli, lakini linamnyima daktari nusu ya historia ya mgonjwa. Swali bora ni hili: "Mzee, ulitumikia wapi, na kazi yako ilikuwa nini?" Kisha yafuate mengine: alilala wapi, alikunywa maji gani, aliingia kwenye maji ya mto au ziwa, alibeba nini, alisikia milio gani, aliona nini.

Majibu ya maswali hayo huelekeza vipimo. Aliyejenga madaraja au kusukuma magari majini anaweza kuwa amepata kichocho cha utumbo, ambacho kimeenea sana katika mwambao wa ziwa. Askari wa Marekani zaidi ya 1,000 waliugua kichocho katika kisiwa cha Leyte, Ufilipino, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944, na wahandisi waliojenga madaraja walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Kichocho kilichokaa muda mrefu hukomaza tishu za ini, huvimbisha wengu, na mgonjwa anaweza kutapika damu ghafla. Prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kujengeka huhitaji ufuatiliaji wa karibu, pamoja na kipimo cha mawimbi ya sauti na, pale inapowezekana, uchunguzi wa umio kwa kamera.

Aliyefanya kazi peku katika udongo wenye unyevu anaweza kuwa na minyoo aina ya strongiloidi. Hawa wana tabia ya pekee: hujizalisha upya ndani ya mwili, hivyo huweza kudumu miongo mingi. Mateka wa Uingereza na Australia waliolazimishwa kujenga reli ya Burma na Siam katika miaka ya 1942 na 1943 walikutwa bado na minyoo hao zaidi ya miaka 30 baadaye. Hatari kubwa huja mgonjwa kama huyo anapopewa prednisoloni au dawa nyingine ya kushusha kinga kwa ajili ya pumu, viungo au ngozi. Minyoo inaweza kufumuka mwili mzima na kuua. Kabla ya kuandika dawa hizo kwa mtu mwenye historia ya namna hiyo, ni busara kupima choo, na pale kipimo kisipopatikana, kujadiliana na bingwa juu ya kutanguliza aivamektini.

Masikio nayo yaulizwe. Kuziba masikio au mlio usiokwisha si kwa mpiga mizinga pekee. Fundi wa jenereta na dereva wa lori zito huumia vilevile, ila taratibu zaidi. Mgongo na magoti ya mbeba mizigo yana historia yao. Mwisho, akili na usingizi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba waliokusanya na kuosha maiti wako katika hatari kubwa ya kiwewe cha muda mrefu, hata kama hawakurusha risasi. Ndoto za kutisha, kushtuka kwa mlango unaobamizwa, kukwepa mazungumzo ya wakati fulani, hasira za ghafla na pombe ya kila usiku ni dalili za ugonjwa, wala si udhaifu wa tabia. Zina tiba, ikiwamo tiba ya mazungumzo na, kwa baadhi ya wagonjwa, dawa.

Kwa mgonjwa na familia yake

Mtu aliyewahi kutumikia jeshini, katika mgambo, katika Jeshi la Kujenga Taifa au kama raia aliyeajiriwa kambini, anafanya vyema kumweleza daktari habari hiyo bila kungoja kuulizwa, hata kama anaiona kazi yake kuwa ndogo. Kama aliingia ziwani au mtoni mara kwa mara, aombe kupimwa kichocho. Akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akiandikiwa vidonge vya prednisoloni, aseme kama aliishi muda mrefu akitembea peku katika tope. Familia inayomwona mzee wake akiamka usiku akipiga kelele imsindikize kliniki ya afya ya akili. Iwapo anazungumza habari za kutaka kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa mtumishi wa afya, kazi inaanza na mstari mmoja katika faili. Mahali pa kuandikia kazi ya mgonjwa, neno "mkulima" au "mstaafu" halitoshi. Iandikwe kazi aliyoifanya, mahali alipoifanya na miaka aliyoifanya. Wapagazi wa mwaka 1916 walikosa hata mstari huo, na ndiyo maana hadi leo hakuna anayeweza kutaja idadi yao kwa hakika.